Fundi Pua na Tangi la Mwalimu

Karakana ile ilikuwa na mafundi wawili, na wote wawili walikuwa mashemeji: mkubwa alimwoa dada wa mdogo. Kwa hiyo mteja akiingia na kuita "Shemeji!" vichwa viwili viliinuka kwa pamoja, na kama mteja mwenyewe ni mtu wa mizaha, asubuhi nzima iliishia hapo. Mwishowe watu wakawagawia majina ili kazi iende. Yule mdogo akabaki kuwa Shemeji kwa kila mtu, hata kwa watu wasiomjua dada yake. Yule mkubwa akaitwa Pua.

Jina hilo lilikuwa la heshima, ingawa mgeni hakulisikia hivyo. Kwa kuitazama, pua yake haikuwa na ajabu yoyote. Ilikuwa pana kidogo, imekaa usoni kama pua za watu wengine. Lakini mpe kopo la petroli anuse, atakuambia kama imechanganywa na mafuta ya taa, tena atakadiria kiasi. Mwenye kituo cha mafuta cha pale kona hakumpenda hata chembe, na usimlaumu.

Kazi yao ilikuwa kuziba matangi ya mafuta na rejeta, basi. Ukimpelekea breki, Pua alikuonyesha njia ya kutokea kwa kidole. Na kwa asiyejua, tangi la petroli lililojaa lina afadhali kuliko lile tupu. Ukishamwaga petroli yote, hewa yake hubaki mle ndani, haionekani, inasubiri cheche. Mafundi wengine hujaza tangi maji wakati wa kulehemu. Pua hakutaka, kwa sababu maji hunyonya joto na lehemu haishiki vizuri. Yeye aliosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, akatia mnyororo mdogo ndani na kulitikisa tangi hadi mabega yaume, akalimwaga, akalilaza mdomo chini mpaka likauke. Kisha akaingiza pua kwenye mdomo wa tangi, akafumba macho, akavuta pumzi polepole. Akitoka hapo alisema neno moja. Ama "bado", ama "washa". Akisema "washa", Shemeji aliwasha moto wa gesi na kusogeza uso wake karibu na bati, shibri mbili tu, akaanza kazi. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili, na Shemeji alikuwa bado na nyusi zake zote.

Shemeji mwenyewe hakuwahi kunusa tangi. Kufanya hivyo kungekuwa sawa na kumtukana mwenzake.

Sasa, mwaka huo Pua akashikwa na mafua. Mafua ya kawaida, ya kupiga chafya na kulalamika; na kulalamika alijua. Alilala siku nne, akanywa kila alichopewa, akapona. Homa iliondoka na kitu kimoja cha kwake, naye hakujua mpaka siku ya suruali.

Mkewe alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha kazi yake: meza ndefu ya kupigia pasi, kamba za nguo, na rafu yenye chupa za dawa za madoa. Jumamosi moja mchana alikuwa akiipiga pasi suruali ya mumewe, mtu akabisha mlangoni, akaenda kumsikiliza. Maongezi yakanoga kidogo. Aliporudi, moshi ulikuwa umefika darini na suruali ilikuwa na tundu lenye umbo la pasi. Na mumewe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale, mgongo kwa meza, anasoma gazeti, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Baba! Huoni suruali yako inaungua?"

"Nimeipa mgongo, nitaionaje?"

"Sijasema kuona. Husikii harufu?"

Pua alivuta pumzi, akaivuta tena. Mkewe alichomoa pasi, akachukua chupa ya dawa kali kuliko zote, ile anayoifungulia dirishani, akamwekea chini ya pua.

"Hii ni nini?"

"Sabuni," alisema Pua.

Mkewe akafunga chupa huku macho yakimtiririka. Yalikuwa machozi ya dawa, lakini si yote. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwambie mdogo wangu," alisema hatimaye. "Kesho hiyohiyo. Unajua anaweka wapi uso wake."

"Nitamwambia."

Alikusudia kweli kumwambia. Lakini Jumatatu yalikuja marejeta mawili, Jumanne jingine, na rejeta haihitaji pua ya mtu. Akajiambia huenda itarudi yenyewe. Kila asubuhi alinusa vipande vya sabuni, vitunguu, soksi zake, na mambo mengine ambayo si lazima niyataje, na yote yalikuwa sawa na hewa. Mkewe kila jioni alimuuliza, "Umemwambia?" naye akajibu, "Kesho." Wiki ya pili ilipofika, akaona aibu kusema kesho tena. Akasema, "Nimemwambia." Mkewe akashukuru, akaenda kuanua nguo, na Pua akabaki amesimama jikoni, anajichukia.

Kwa nini hakusema? Alikuwa mtu wa miaka sitini na mmoja mwenye jina moja na ujuzi mmoja. Kukata bati, Shemeji alimshinda. Kulehemu, alimfundisha yeye mwenyewe na akapitwa zamani. Ondoa pua, mle karakanani angebaki mzee wa kuosha matangi. Alihofia hilo kuliko alivyohofia moto, na hapo ndipo kosa lake lilipokuwa.

Wiki ya tatu likaja gari la Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama mfupi aliyestaafu kufundisha jiografia, na gari lake lilikuwa la wazi, la zamani, rangi ya samawati iliyochoka, lenye paa la turubai la kukunja. Aliliendesha akiwa amejifunga kitambaa kichwani na kukaa juu ya mito miwili. Alizima injini, akateremka, akasema, "Fundi, gari linanuka petroli kama kituo cha mafuta. Nusa mwenyewe."

Pua akaingiza kichwa garini, akavuta pumzi.

"Naam," alisema. "Naisikia."

Hakusikia kitu. Lakini mtu mzima hakosi la kuuliza. "Inanuka wakati wote, Mwalimu, au ukishajaza?"

"Nikijaza tu. Na nikikata kona. Likifika nusu, harufu inaisha."

"Basi tundu liko juu ya tangi, si chini," alisema Pua, na moyo wake ukatulia kidogo, kwa kuwa ubongo ulikuwa bado unafanya kazi.

"Ndiyo maana nikaja kwako," alisema Mwalimu. "Ijumaa dada yangu anatoka hospitali. Amelala huko wiki sita anatazama dari. Ameniambia hapandi gari lenye paa. Anataka kurudi nyumbani anaona mbingu. Leo Jumatatu, mtawahi?"

"Tutawahi," alisema Shemeji kwa niaba ya wote.

Kulitoa tangi la gari la namna ile kunataka subira. Kwanza walichomoa waya za betri, wakafyonza petroli kwa mpira na kuijaza kwenye madumu, wakayapeleka madumu mbali kabisa, kivulini. Kisha wakakunjua paa na kulifunga, maana paa likiwa limekunjwa, fremu yake hulala kwenye shimo lililo nyuma ya kiti, na tangi liko chini ya shimo hilo hilo. Wakatoa tairi la akiba, zulia la buti, na kiti cha nyuma. Chini ya kiti walikuta penseli tatu, kifutio, na daftari la mtoto wa shule lililosahihishwa kwa wino mwekundu. Mwalimu alilipokea, akalifungua, akasema, "Alipata saba. Nilimwonea," akalitia mkobani na kwenda zake.

Shemeji alijilaza chini ya gari. Pua alibaki juu kwenye buti, akilegeza klipu za mpira wa shingo ya tangi na kuchomoa waya wa geji ya mafuta. Nati za mikanda ya chuma inayoshikilia tangi zilikuwa zimeota kutu. Shemeji alizimwagia mafuta, akazigonga kidogo, akazibembeleza, na ya mwisho ilipogoma akaitaja kwa jina ambalo Mwalimu angelipigia mstari mwekundu. Mwishowe ikakubali. Wakaweka jeki na ubao chini ya tangi, wakaliteremsha taratibu, Pua akiuongoza mpira wa shingo usikwame kwenye bati.

"Angalia hapa," alisema Shemeji likiwa chini. Juu ya tangi, kwenye pembe moja, kutu ilikuwa imekula duara la ukubwa wa kiganja. Pua akapandisha macho na kuona sababu. Paa la turubai lina vijibomba vya kuteremsha maji ya mvua hadi chini ya gari. Kimoja kilikuwa kimeziba kwa majani makavu na kuchomoka. Kwa miaka maji ya mvua yalikuwa yakidondoka palepale, tone kwa tone, juu ya tangi.

Waliosha tangi Jumatatu alasiri. Pua aliosha mara tano badala ya tatu. Jumanne asubuhi akaosha tena mara mbili, akalitikisa kwa mnyororo mpaka Shemeji akamtazama.

"Leo vipi, shemeji? Unataka kulibatiza?"

"Lina kutu nyingi," alijibu Pua.

Alikuwa amekwisha kukata shauri moyoni. Maji yatafanya kazi ya pua. Mara saba si mchezo. Petroli gani itabaki? Aliirudia hesabu hiyo usiku kucha na ikampendeza kila mara. Alilisahau jambo moja, au alikataa kulikumbuka: tangi la gari lile lilikuwa na kuta za ndani, za kuzuia petroli isicheze gari linapokata kona, na nyuma ya kuta zile kulikuwa na tope la kutu ambalo mnyororo haukulifikia.

Jumatano saa nne tangi likawa kavu juu ya meza. Shemeji alikuwa amekata kiraka, amekisugua mpaka kinang'aa, amevaa miwani yake myeusi na kuipandisha kwenye paji la uso. Akasimama upande wake wa meza, akisubiri neno.

Pua aliinama. Akaingiza pua. Akafumba macho kama siku zote, akavuta pumzi. Hewa ilikuwa ya baridi kidogo. Haikuwa na kitu. Ilikuwa hewa ileile ya soksi na vitunguu.

Akainuka. Shemeji akashusha miwani, akachukua bomba la moto kwa mkono mmoja na kiberiti kwa mwingine, akasogeza uso mahali pake pa kila siku, shibri mbili. Hakumtazama Pua hata kidogo. Alikuwa anaimba kitu kwa chini, wimbo usio na maneno, akili yake yote ikiwa kwenye kile kiraka.

Neno lilikuwa mdomoni. Pua alilihisi kwenye ulimi. Akamwona mwenzake ameinama, kola ya shati imesimama vizuri, imenyooshwa na dada yake.

"Usiwashe," alisema.

"Bado?"

"Sijui."

Shemeji akaacha kuimba. Akapandisha miwani. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa amesikia maneno mawili tu kutoka upande ule wa meza, na hili halikuwa mojawapo.

"Hujui nini?"

"Sisikii harufu, shemeji. Tangu yale mafua. Sisikii chochote."

Shemeji aliweka kiberiti mezani, mbali. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akazunguka meza, akainama juu ya mdomo wa tangi na kunusa. Akajirusha nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Shemeji! Hii ni petroli tupu!"

 Pua akakaa juu ya tairi la akiba.

"Dada anajua?"

"Anajua kwamba sinusi. Nilimwambia nimekwambia."

Shemeji alivua miwani, akaiweka mezani taratibu sana, na utulivu ule ulimuumiza Pua kuliko matusi. Akatoka. Pua alibaki peke yake na tangi, na gari la wazi lisilo na kiti, na karakana ikawa kimya. Alilia kidogo. Hakukuwa na mtu wa kumficha, kwa hiyo hakujificha.

Baada ya nusu saa alisikia viatu vya mkewe. Alikuja na aproni yake ya kazi, vibanio vya nguo vinne vimebana mfukoni, na mdogo wake nyuma yake. Hakumsalimu mumewe.

"Ulinidanganya," alisema.

"Nilikudanganya."

"Kuhusu huyu." Akamwonyesha mdogo wake kwa kidole. "Nimemlea huyu. Nilimfunga kamba za viatu. Ungekuja kuniambia nini leo mchana?"

 Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, kisha akageuka, kwa sababu hasira yake ilikuwa haijaisha lakini kazi ilikuwa pale mezani. Akainama juu ya tangi. Alinusa kama anavyonusa shati la mteja kabla ya kuamua dawa: mara moja kwa mbali, mara ya pili kwa karibu.

"Bado," alisema. "Iko upande huu, nyuma. Kuna kitu kimejificha huko."

"Ukuta wa ndani," alisema Pua kwa sauti ndogo. "Kuna tope la kutu nyuma yake."

"Basi ukalitoe."

Akalitoa. Alitengeneza fimbo ya waya iliyopinda, akaifunga kitambaa ncha, akaipitisha kwenye tundu la geji na kukwangua nyuma ya kila ukuta. Likatoka tope jekundu, zito, kopo zima. Hakunusa, lakini aliona Shemeji anarudi hatua moja nyuma. Akaosha, akatikisa, akamwaga, akaosha tena hadi maji yakatoka kama yalivyoingia. Shemeji alimsaidia kushika upande wa pili. Mwalimu alipiga simu jioni kuuliza, na Pua akamwambia, "Nilitaka kufanya kosa, Mwalimu, nikazuiwa. Litakuwa tayari Ijumaa asubuhi." Mwalimu, ambaye alisikia visingizio vya kila aina kwa miaka thelathini, alisema hicho hakikuwa kisingizio, kwa hiyo angesubiri.

"Kwa nini usinuse wewe?" Pua alimuuliza Shemeji walipokuwa wanafunga karakana. Ilikuwa sentensi ya kwanza kati yao tangu asubuhi.

Shemeji alifikiri kabla ya kujibu. "Mimi nikishika moto nataka kumaliza. Nitajiambia halina kitu ili niwashe. Lazima mtu mwingine aseme." Akatia kufuli mlangoni. "Dada amekubali kuja siku zenye tangi. Amesema wewe utamwanulia nguo."

"Nitaanua."

"Na utazikunja."

"Nitazikunja, shemeji."

Alhamisi saa nne mkewe alikuja. Tangi lilikuwa kavu, kiraka kimesuguliwa. Pua akasimama pembeni, mikono nyuma, mahali pa mtu asiye na kazi. Lakini Shemeji hakuvaa miwani. Alizunguka meza na kumpa Pua miwani ile, pamoja na bomba la moto na kiberiti.

"Leo washa wewe," alisema.

"Mimi? Mkono wangu si kama wako siku hizi."

"Kiraka ni kidogo. Washa wewe."

Pua alivaa miwani na kuipandisha kwenye paji. Akasimama upande wa Shemeji wa meza, upande ambao hakuwahi kusimama tangu amfundishe kazi. Kutoka pale tangi lilionekana kubwa zaidi. Mdomo wake mweusi ulimwelekea usoni.

Mkewe aliinama, akanusa kwa mbali, akanusa kwa karibu. Akazunguka, akanusa tundu la geji, akanusa duara la kutu. Akainuka na kujifuta pua kwa aproni.

"Halina kitu," alisema. "Washa."

Pua aliinama. Akasogeza uso, shibri mbili. Alijua mkewe ananusa vizuri. Hakuna anayelijua hilo kuliko yeye. Hata hivyo hakuikwaruza njiti. Akapandisha kichwa.

"Una hakika?"

Mkewe akashika kiuno. Nyuma yake Shemeji hakucheka. Alimtazama tu, na Pua akalisikia swali lake mwenyewe likiwa bado linaning'inia mle karakanani. Akafikiria matangi yote, ya malori, ya pikipiki, ya jenereta, mamia kwa mamia, na mtu yuleyule ameinama mahali hapa, akiimba kwa chini. Shemeji hakuwahi kumuuliza hivyo. Hata mara moja.

"Nisamehe, shemeji," alisema Pua.

"Washa," alisema Shemeji. "Mwalimu anasubiri gari lake."

Pua akashusha miwani, akakwaruza njiti, akawasha.